Only One King (albamu)

Only One King ni albamu ya tatu ya Alikiba (Ali Saleh Kiba, amezaliwa 1986), mwimbaji na mtunzi wa Bongo Fleva wa Tanzania. Ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na nyimbo 16, baada ya Cinderella (2007) na Ali K 4Real (2009).

Mitindo: “Utu” ni wimbo wa mapenzi wa taratibu unaobebwa na sauti. “Ndombolo”, alioimba na Abdukiba, K2ga na Tommy Flavour, unafuata mwendo wa dansi la Kikongo. “Salute”, pamoja na Rudeboy, na “Jealous”, pamoja na Mayorkun, zinaelekea mtindo wa Nigeria.

Maoni ya wasikilizaji: Mchanganyiko huo wa mitindo ndio kiini cha mjadala kuhusu albamu hii. Wapo wanaousifu kwa kuonyesha upana wa kipaji chake. Wapo wanaoona kuwa wasanii wageni wengi wanampunguzia nafasi mtunzi wanayempenda kwa nyimbo za mapenzi.

Njombe na Makambako: Mchanganyiko huo unagusa pia wasikilizaji wa miji hii miwili ya Tanzania. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Tunduma na ile ya Songea, tena ni kituo cha reli ya TAZARA; nyimbo za kuchezeka husafiri humo na mabasi na malori. Njombe ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na uimbaji wa kwaya una mizizi mirefu. Albamu hii ina cha kumpa msikilizaji wa safarini, na pia anayepima sauti na maneno. Hapo ndipo ilipo thamani yake.