Watoro wa Witu: Jina na Hadhi

Katika historia ya pwani ya Kenya, neno "mtoro" lilikuwa neno la bwana aliyetorokewa. Lilimtaja mtu kwa kosa alilohesabiwa, wala halikueleza aliishia kuwa nani. Habari za Witu, iliyo baina ya Garsen na Lamu, zaonyesha ufinyu wa jina hilo.

Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, ambaye aliitwa Simba, alishindwa na nguvu za Sultani wa Unguja, akahamia Kau kwenye mto Ozi, kisha akajenga Witu msituni mnamo miaka ya 1860. Alikuwa na nasaba ya kutawala lakini watu wake walikuwa wachache. Watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu na Malindi, kwa upande wao, hawakuwa na mlinzi. Basi kila upande ulipata kwa mwenziwe kile ulichokikosa. Watoro walifyeka msitu, wakalima, wakajenga vijiji, wakashika silaha. Na Simba akawa mtawala wa kuogopwa.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na gharama. Ulitegemea utii kwa mtawala, na majirani Wapokomo walipata taabu kutokana na uvamizi wa watu wa Witu. Aliyeonewa jana aliweza kumwonea mwingine leo.

Kusini, njia ilikuwa nyingine. William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, aliokolewa, akalelewa Bara Hindi, akafika Rabai mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi, na mwaka 1895 akawa kasisi. Yeye alipanda kwa elimu na madhabahu. Wa Witu walipanda kwa jembe na silaha.

Waingereza waliichoma Witu mwaka 1890, na mwaka 1893 wakaishambulia Pumwani na Jongeni. Sheria ya kukomesha hali ya utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Kwa hiyo, si sawa kusema kwamba uhuru ulianza na sheria hiyo. Wengi walikuwa wamekwisha kuuchukua wenyewe, ijapokuwa lugha ya mabwana iliendelea kuwaita watoro.