Historia ya baiskeli, sehemu ya 3: fremu ilipimwa kwa mguu wa nani?

Swali lililojaa inbox ni hili: "Nesi, mtoto ana miaka tisa, nimnunulie ya inchi ngapi?" Nitajibu, ila turudi nyuma kwanza.

Miaka ya 1870 kule Uingereza baiskeli ilikuwa na gurudumu moja kubwa mbele, pedeli zimefungwa humo humo. Saizi ilikuwa mguu wako: mrefu alinunua gurudumu kubwa, mfupi dogo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Tangu hapo kinachopimwa na mguu ni fremu, yaani urefu wa bomba linaloshika siti. Sisi bado tunauliza "ni ya 28?", na hiyo ni gurudumu tu!

Zilizoenea kwetu, Raleigh ya Nottingham, baadaye Hero ya India na Phoenix ya Shanghai, zilifanana umbo: fremu ndefu, imelala kidogo kwa nyuma, unakaa wima. Kulala huko ndiko kunakoifanya itulie kwenye mawe na gunia likiwa kwenye keria. Ila bomba la juu limenyooka, limepimwa kwa mwanaume mzima. Fremu ya kike, bomba limeshushwa, ilikuwepo Ulaya kabla ya 1900, lakini vijijini tuliyoizoea ni ya kiume. Mama na kitenge chake akabaki abiria, kakaa upande upande kwenye keria, hata mjamzito wa kwenda kliniki.

Watoto nao wakabuni yao: mguu mmoja unapenyezwa chini ya bomba, mwili umepinda pembeni, twende! Jamani, hapo ndipo ninapoogopa. Akianguka, ncha ya usukani inamchoma tumboni. Nje ni mchubuko mdogo, ndani bandama au ini limeumia. Tumbo likiuma, akitapika au akipauka, mlete hospitali hata kama hamuoni damu.

Siku hizi kuna na zile za mitumba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, tairi zina meno. Asili yake ni mbio za matopeni za Ufaransa, ambako ubingwa wa kwanza wa taifa ulikuwa 1902. Mkimbiaji hushuka akaibeba begani, na fremu imeacha nafasi ili tope lisigande kwenye gurudumu. Masika ya Qurus mnaijua, kwa hiyo inavutia. Saizi zake ni za sentimita, 50, 54, 56, na 54 ya kampuni hii si 54 ya ile. Angalia zaidi umbali wa siti hadi usukani. Ukikuzidi, mgongo na shingo vitauma na viganja vitakufa ganzi.

Haya, mtoto wa miaka tisa. Asimame bomba likiwa katikati ya miguu, nyayo zote chini, juu ya bomba pabaki kama vidole vitatu. Akikaa, viwiko vikunjike kidogo na breki azifikie. Wengi wa umri huo huangukia gurudumu la inchi 20 au 24. Mambo ya "atakua nayo" tuyaweke kwenye sare za shule.

Sehemu ya 4: kumbeba mtoto mdogo kwenye baiskeli.