Sigara Ndefu na Heshima ya Mkulima

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu tumeona vema kuandika habari za kazi ya mikono iliyolitangaza jina la nchi ndogo duniani kote. Nchi hiyo ni Kuba, na kazi yenyewe ni kusokota sigara nene za jani tupu la tumbaku, zisizotiwa karatasi.

Fundi mashuhuri wa kazi hiyo ni José Castelar wa Havana, aitwaye Cueto. Mwaka 2008 alisokota sigara ya mita 45.38, mwaka 2011 akafikisha mita 81.80, na Agosti 2016, katika ngome ya Morro, yeye na wasaidizi wake wakatimiza mita 90, kumheshimu Fidel Castro aliyetimiza miaka 90 mwezi huo. Hatuisifu sigara kwa afya, maana madhara yake yanajulikana, tunasifu ustadi. Majani ya ndani hukusanywa kwanza, yakafungwa kwa jani jingine, kisha huvikwa jani la juu, laini na lisilo na tundu.

Jani hilo likiwa bovu, hakuna fundi awezaye kulificha. Kwa hiyo kabla ya Cueto alikuwapo mkulima aliyepanda, akachuma na kukausha. Jina la fundi limeenea. La mkulima ni wachache walijuao.

Nchini kwetu wakulima wa Songea waliliona jambo hili mapema. Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo kiliandikishwa mwaka 1936, na tumbaku yao, iliyokaushwa kwa moshi wa kuni mabanini, iliuzwa kwa jina la chama. Sifa ya jani ikawa ya wote waliolilima.

Sisi wa Buguruni hatulimi tumbaku, ingawa kiwanda cha sigara kilichoanza mwaka 1961 ni jirani yetu, kando ya Barabara ya Nyerere. Yetu ni mihogo, nazi na machungwa. Hata hivyo, gunia moja bovu likifika sokoni huwaaibisha wanachama wote, na bei huwashukia hata waliochagua vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi katika miaka kumi ijayo kila gunia na liandikwe jina la chama cha msingi lilikotoka, ili mnunuzi ajue wa kumshukuru, nasi tujue wa kumuuliza.