Mkutubi na Haki ya Nakala: Mfano wa Oxford

Neno hakimiliki huwakumbusha wengi kinga ya mwandishi dhidi ya mwizi wa kazi yake. Hata hivyo, katika historia ya vyuo vikuu vya Uingereza neno hilo limebeba pia wajibu wa mchapishaji wa kuipa maktaba nakala, na wajibu wa mkutubi wa kuipokea na kuitunza.

Wajibu huo ulianza kama mapatano kabla ya kuwa sheria. Mnamo 1610 Sir Thomas Bodley, ambaye maktaba yake ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1602, alipatana na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kwamba nakala moja ya kila kitabu kilichosajiliwa chamani ipelekwe Oxford bila malipo. Sheria ya Malkia Anne ya 1710 iliunganisha mambo mawili: ilimpa mwandishi haki ya kazi yake kwa muda maalumu, na ikadai nakala tisa kwa ajili ya maktaba, zikiwamo za Oxford na Cambridge. Wachapishaji wengi waliuona wajibu huo kuwa kodi, wakaukwepa. Mwaka 1812 mahakama ilikipa Chuo Kikuu cha Cambridge ushindi katika shauri lake dhidi ya mchapaji Bryer.

Hata hivyo, sheria inaweza kukifikisha kitabu mlangoni tu. Kukihifadhi ni kazi ya mkutubi. Bodley mwenyewe alizidharau tamthilia, na alimwonya mkutubi wake wa kwanza, Thomas James, asizijaze maktabani. Hata hivyo, mkusanyo wa tamthilia 36 za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623 ulifika Oxford kwa mapatano yale yale, ukajalidiwa na kuwekwa rafuni. Baadaye, katika karne hiyo hiyo, nakala hiyo iliondolewa, yamkini kwa kuwa toleo jipya zaidi lilikuwa limepatikana. Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja aliileta maktabani kutoka nyumbani kwao ili itazamwe, na jalada lake la kale likaitambulisha. Mwaka 1906 maktaba ililazimika kuinunua kwa pauni 3,000 zilizochangwa na watu wengi. Kilichopokewa bure kilirudi kwa mchango.

Hapana shaka kwamba kisa hiki chaeleza kazi ya mkutubi wa hakimiliki kuliko vifungu vya sheria. Yeye si mhakiki. Hapokei kilicho bora tu, bali hupokea kilichotolewa, kwa kuwa thamani ya maandishi huamuliwa na wasomaji ambao hawajazaliwa. Tangu 2013 wajibu huo nchini Uingereza umeyafikia hata machapisho ya kielektroniki.

Funzo hilo si geni kwa wasomi wa Kiswahili. Kijitabu cha hadithi za mapenzi kinachouzwa kando ya barabara, au gazeti la jana lililofungiwa maandazi, huenda kikawa ushahidi pekee wa lugha ilivyoandikwa mwaka huo. Bila ya mkutubi wa kukipokea, hakuna mchango utakaokirudisha.