Tangi Lililokomaa

Anayenunua tangi la samaki kwa mara ya kwanza hukutana na neno la Kiingereza kabla hajawa na hata samaki mmoja. Huambiwa kwamba tangi lazima kwanza lifanyiwe "cycling" kwa wiki nne hadi sita, ndipo liwe salama. Asipopata wa kumfafanulia, atalitafsiri neno kwa kufuata mzizi wake, ambao ni duara, na atatoka na "kuzungusha maji" au "mzunguko wa tangi". Tafsiri hiyo haina kosa la kisarufi, na ina ndugu wengi wanaoheshimika: mzunguko wa maji unaosomwa shule ya msingi, mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha. Tatizo ni kile inachomtuma mtu akifanye. Kuzungusha maji, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kazi ya pampu: maji yavutwe huku, yamwagwe kule, yasitulie. Basi mtu atawasha pampu, maji yatazunguka siku tatu, kioo kitang'aa, ataingiza samaki wanane kwa mpigo, na kabla wiki mbili hazijaisha atawakuta juu ya maji wakitweta. Hakupuuza maelekezo. Aliyafuata kama alivyoyasikia, na yaliyomponza ni maneno yenyewe. Nashikilia kwamba hapa istilahi mbaya inaua viumbe hai, na kwamba Kiswahili kina kitenzi kinachoieleza kazi hii vizuri kuliko hicho cha Kiingereza, nacho ni kukomaza.

Kwanza tuone kinachotokea ndani ya tangi. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia nyingine hutokana na kinyesi na chakula kilichobaki kikioza chini. Mtoni au ziwani sumu hiyo huchukuliwa na maji mengi. Katika tangi la lita sitini haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu ikawa ya kahawia na samaki akakosa pumzi katika maji yenye hewa tele. Nitrati ndiyo inayovumilika, mradi isirundikane. Bakteria hawa hawauzwi pamoja na kioo, na huzaliana polepole mno. Bakteria wengi wa kawaida wakipata chakula huweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika ishirini au thelathini. Hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingine zaidi ya siku nzima. Hapo ndipo zinapotoka zile wiki nne hadi sita.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka taratibu katika bomba lililojaa mchanga uliochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Kwa siku ishirini amonia iliingia juu na ikatoka chini vilevile ilivyoingia. Kisha, mchanga ukiwa ni ule ule na majitaka ni yale yale, amonia ikaanza kupotea na nitrati kutokea. Walipopuliza mvuke wa klorofomu kazi ilisimama. Walipouondoa haikurudi, hadi walipotia maji yaliyosuuza udongo kidogo. Nauona huu kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote katika suala letu la istilahi. Maji yalikuwa yakipita katika bomba lile tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mwendo wa maji haukuwa umepungua. Kilichopungua kwa siku ishirini ni viumbe waliokuwa bado hawajafikia idadi ya kufanya kazi, na Kiswahili kina neno kwa kitu chenye uhai ambacho bado hakijafikia kiwango chake: hakijakomaa.

Duara lenyewe, zaidi ya hayo, halifungiki. Katika dunia nzima nitrojeni kweli huzunguka, kutoka hewani hadi udongoni, hadi kwenye mmea, hadi kwa mnyama, na kurudi hewani, na jina la mzunguko wa nitrojeni linaistahili safari hiyo. Katika tangi dogo safari huishia njiani. Kurudi hewani kunahitaji bakteria wanaofanya kazi mahali pasipo na oksijeni, na tangi linalopulizwa hewa usiku na mchana lina mahali pachache pa namna hiyo. Nitrati hubaki palepale ikiongezeka, na ndiyo sababu mfugaji hubadilisha sehemu ya maji kila wiki au kupanda majani yatakayoila. Anayeamini kwamba tangi lake "linazunguka" ana haki ya kujiuliza kwa nini bado anabeba ndoo.

Kitenzi gani basi? Kuzoesha kina kazi nyingine tayari, ile ya kumzoesha samaki mgeni joto na maji mapya kabla hajaachiwa. Kuivisha kinavutia, lakini kuivisha maji kunamkumbusha msikilizaji sufuria. Kuvundika kingependeza, kwa kuwa ni neno la watu wa ndizi na linadokeza kungoja, ila kiko jirani mno na kuvunda, na hakuna atakayekaribisha maji yaliyovunda sebuleni. Hata hivyo ndizi zenyewe ndizo zinazotuonyesha jibu. Mkulima hukata mkungu ukiwa umekomaa, bado kijani. Kuiva huja baadaye, na kunaharakishwa: ndizi zinafunikwa kwa majani makavu, na baada ya siku chache zina rangi ya njano. Lakini mkungu uliokatwa ukiwa mchanga, hata uvundikwe vipi, ndizi zake hunyauka au hulainika bila utamu. Kiswahili kimetenganisha waziwazi ukuaji unaofanywa na muda na uhai, na hatua ya mwisho ambayo mkono wa mtu unaweza kuisukuma. Tangi liko upande wa kwanza.

Kuna anayeweza kupinga hapo kwamba tangi nalo linaharakishwa, na ni kweli. Ukichukua sponji la chujio la mtu mwenye tangi la siku nyingi, ukalitia katika chujio lako, kazi ya wiki nne inaweza kwisha kwa siku chache. Litazame sponji hilo: ni la kahawia, linateleza mkononi, na likibanwa hutoa uji mzito wenye harufu ya udongo uliolowa mvua. Asiyejua ataliosha hadi liwe safi, na hapo atakuwa amemwaga alichoendea. Lakini hili halikukomaza chochote kwa haraka. Limehamisha ukomavu uliokwisha kupatikana kwingine, kama apandaye chipukizi badala ya kusubiri mbegu. Kwa kipande hicho neno lipo na halihitaji kutafutwa: ni chachu, kama kijiko cha mtindi wa jana katika maziwa ya leo.

Sponji linatufundisha pia kitenzi kikae na shamirisho gani, na hili naliona kubwa kuliko kuchagua kitenzi chenyewe. Tuseme kukomaza tangi, au kukomaza chujio. Tusiseme kukomaza maji. Bakteria hawa huishi wakiwa wamejishika kwenye sponji, changarawe, mizizi na kuta za kioo, na wanaoelea katika maji ni wachache. Ndiyo maana unaweza kubadilisha nusu ya maji bila kuupoteza ukomavu, na unaweza kuupoteza wote bila kubadilisha hata kikombe, kwa kuosha sponji tu kwa maji ya bomba yenye klorini. Maji hulazwa, hayakomazwi: kuyaacha usiku kucha katika ndoo wazi ili klorini ipungue ni jambo jema, lakini ni jambo lingine, na haliondoi kloramini pale inapotumika. Anayeyachanganya haya mawili hujaza tangi, huliacha tupu mwezi mzima, kisha huamini liko tayari. Halijawa. Hakuna kilichokula, kwa hiyo hakuna kilichokua. Kukomaza kunadai lishe: chembe za chakula cha samaki zikiachwa zioze, au amonia isiyo na sabuni wala manukato, kiasi cha miligramu 2 kwa lita, ikipimwa na kuongezwa inapoisha.

Wapo watakaosema sayansi ni ya dunia nzima, na istilahi ifanane na ya wenzetu. Wenzetu gani? Waitaliano huiita hatua hii kwa neno la kukomaa, maturazione. Wajerumani husema Einfahren, neno linalotumika pia kwa gari jipya linaloendeshwa taratibu mpaka injini ikae sawa. Wafaransa na Wahispania ndio walioufuata mzizi wa duara. Wanaotaka tulichukue neno la Kiingereza lilivyo wakumbuke kwamba mzizi huo umekwisha kuingia Kiswahilini, na ulipoingia ulituletea baiskeli. Sina ugomvi na kukopa. Amonia, nitriti na bakteria ni majina ya vitu, na jina la kitu linaweza kutoka popote. Kitenzi kinachomwelekeza mtu la kufanya kinafaa kujieleza chenyewe kwa anayekisikia mara ya kwanza. Isitoshe, sayansi yenyewe haijatulia. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji vilisema kazi ya nitriti ni ya Nitrobacter. Utafiti wa 1998 katika matangi ukaonyesha ni Nitrospira. Mwaka 2015 wakapatikana Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, baadhi yao katika chujio la shamba la samaki. Istilahi iliyojengwa juu ya hatua mbili au juu ya jina la bakteria ingekuwa imechakaa. Kukomaa hakujali nani anafanya kazi, mradi ifanyike.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wazoefu: tumeweka samaki siku ya kwanza, na waliishi. Wengine waliishi, hasa walipokuwa wachache katika maji mengi yenye pH ya chini. Kemia ndiyo iliyowahurumia. Katika nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake kali ni chini ya asilimia 1. pH 8 ni kama asilimia 5. pH 9 inapita theluthi. Na samaki wetu maarufu duniani wanatoka katika maji ya upande huo. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9, na Ziwa Nyasa mara nyingi hupita 8. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita samaki wa miambani wa Nyasa kwa jina lao la kando ya ziwa, mbuna, bila kulitafsiri. Lugha za huku zimewapa jina la samaki. Mwenye mbuna sebuleni Mwanza au Nairobi anastahili kupata kwa lugha yake neno la kuwaweka hai, kwa sababu katika maji wanayoyataka kosa dogo la amonia ni kosa kubwa.

Pingamizi moja nakiri halina jibu kamili. Embe lililokomaa halirudi kuwa changa, lakini tangi hurudi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji ndani ya chujio lililofungwa hukaa bila oksijeni, na bakteria walioshonana humo huanza kufa. Mfano wa tunda unakatikia hapo. Kinachobaki kutusaidia ni viambishi vya kitenzi chenyewe, kwa kuwa "limekomaa" husema hali iliyopo sasa, na "lilikomaa" haiahidi chochote kuhusu leo. Umeme ukirudi, mfugaji asubiri kulisha, achote maji, atie matone ya kupimia amonia na aache dakika chache. Katika vipimo vingi vya matone, maji yakibaki ya njano, limekomaa. Yakianza kuelekea kijani, lilikomaa, na kazi inaanza upya.