Somo la Historia: Muhogo wa Amani

Leo twende Kwamkoro, jirani na Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani walikata msitu huko ili wapande kahawa. Waliona miti mirefu wakadhani udongo una rutuba nyingi. Kumbe sivyo, kahawa haikustawi. Mwaka 1902 serikali yao ikafungua Amani kituo cha utafiti wa kilimo.

Katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, wataalamu Storey na Nichols walishughulikia muhogo hapo Amani. Maadui walikuwa wawili. Batobato hukunja majani, nawe waiona. Michirizi ya kahawia ni mwizi wa siri: shamba laweza kupendeza, lakini ukichimba wakuta mizizi imeoza ndani. Watoto watakula nini?

Wataalamu waliuchanganya muhogo na nduguye wa mwituni, mti wa mpira, wenye nguvu ya kushinda maradhi. Kisha wakarudia kuuchanganya uzao huo na muhogo, miaka mingi, mpaka ukapatikana muhogo wa kulika. Uzao wa Amani ulifika Nigeria, na vizazi vyake vikawafaa wakulima wa Uganda batobato ilipowaletea njaa katika miaka ya 1990.

Basi, siku ya kuvuna, pasua mizizi kwanza. Shina lenye mizizi iliyooza usilikate pingili za kupanda, wala usimpe jirani.

Swali la kujadiliana: pingili zako zilitoka wapi?