Farasi wa Mti Katika Madirisha ya London

Desemba 1818, Denis Johnson, fundi wa magari ya farasi katika mtaa wa Long Acre, London, alipewa hataza ya chombo kipya cha kusafiria. Kilikuwa na magurudumu mawili, moja mbele na jingine nyuma, na kati yake boriti ya mbao yenye kiti. Pedali hakikuwa nazo, wala mnyororo. Mwendeshaji alikaa, akaegemeza viwiko kwenye kiubao kilicho mbele yake, kisha akaisukuma ardhi kwa miguu, kulia na kushoto, mpaka chombo kikashika kasi. Asili yake ilikuwa Ujerumani, ambako Karl von Drais alikijaribu cha kwanza mjini Mannheim tarehe 12 Juni 1817. Johnson alikirekebisha, akaunda vyake zaidi ya 300.

Wanunuzi wakubwa walikuwa vijana wenye fedha, wale watanashati wa kola ndefu na koti lililobana kiunoni. Watu wa mjini wakakibandika majina: farasi wa watanashati, au farasi wa mti. Kufikia majira ya kuchipua ya 1819 kilikuwa gumzo la London nzima. Hata mshairi John Keats alikitaja katika barua kwa nduguye aliyekuwa Marekani, akakihesabu kuwa jambo la upuuzi.

Wachoraji hawakukipuuza. London ilikuwa na biashara kubwa ya picha za dhihaka, na mbinu yao iliwawezesha kwenda sambamba na habari. Mchoraji alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano hadi shaba ikaonekana, kisha bamba likatiwa asidi iliyokula mistari hiyo. Mistari ikajazwa wino, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, na vyote vikapitishwa kwenye mtambo wa kugandamiza. Kazi hii ilikuwa ya haraka kuliko kuchonga shaba kwa patasi. Nakala nyingi zilitiwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Wauzaji kama Thomas Tegg wa Cheapside na Rudolph Ackermann wa Strand walizitundika madirishani mwa maduka yao. Asiyekuwa na shilingi ya kununua alisimama njiani akatazama bure.

Si zote zilizokuwa za kejeli. Machi 1819 Ackermann alitoa picha ya shule ya Johnson ya kufundishia uendeshaji, ambamo wanafunzi wanaonekana wakizunguka ukumbini. Baadaye mwaka huohuo ikatoka picha ya chombo cha wanawake, ambacho boriti yake ilishushwa chini ili gauni lipate nafasi. Picha za namna hii zilikuwa matangazo ya biashara.

Nyingine zilikuwa na makali. Malkia Charlotte alipofariki Novemba 1818, mwanawe, Duke wa York, alikabidhiwa ulezi wa baba yake mgonjwa, Mfalme George III, aliyekuwa Windsor. Kwa kazi hiyo alitengewa pauni 10,000 kwa mwaka, na wananchi waliokuwa wakitaabika baada ya vita vya Napoleon walikasirika. Mchoraji mmoja akamwonyesha Duke akielekea Windsor juu ya farasi wa mti, kana kwamba anabana nauli ili posho ibaki mfukoni. Picha nyingine inamwonyesha mhunzi akikivunja chombo cha mtanashati kwa nyundo. Sababu iko wazi: farasi huyu havai viatu vya chuma, na mhunzi anaona riziki yake ikipotea.

Mambo hayo tunaweza kuyafuatilia karibu mwezi kwa mwezi kutokana na sheria ya 1735, iliyopiganiwa na mchoraji William Hogarth. Aliyetaka kulinda haki ya picha yake alilazimika kuandika kwenye bamba jina la mwenye mali na tarehe ya kutolewa. Maandishi hayo madogo yanaonyesha kwamba picha nyingi za farasi wa mti zilitoka katika miezi michache ya mwaka mmoja tu, 1819. Watembea kwa miguu walilalamika, mahakimu wakawatoza faini waendeshaji waliopita kwenye njia za miguu, madaktari wakaonya juu ya ngiri, na shauku ikazimika. Baiskeli zenye pedali zilikuja kupata soko miaka ya 1860, huko Paris.

Hati ya hataza inaeleza jinsi chombo kilivyoundwa. Nani alikionea wivu, nani alikichukia na nani alikiogopa, hayo yamo kwenye picha. Zimetiwa chumvi, ndiyo, lakini muuzaji asingetundika dirishani dhihaka ambayo wapita njia hawaielewi. Kwa hiyo historia ya baiskeli iliyoandikwa bila picha hizi ina pengo. British Museum imehifadhi nyingi, na inaonyesha sehemu kubwa ya hazina hiyo kwenye tovuti yake bila malipo. Atakayezitazama na aanze na ule mstari wa maandishi ulio chini ya picha.